Koili Mbili na Mshahara wa Mtu Mmoja: Hesabu ya Nguvu za Stima

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama mmoja, fundi wa stima wa siku nyingi, katika darasa la jioni la tawi letu. Tumeyapiga chapa kama alivyoyasema, pamoja na maswali machache ya waliohudhuria.)



Kamati iliponiomba nije niseme juu ya hesabu za nguvu za stima, Katibu alinivuta kando akaniambia, "Usiwachoshe watu, wametoka kazini." Basi sitaanza na hesabu. Nitaanza na mshahara, maana mshahara ukitajwa hakuna mtu anayesinzia.

Mwaka 2009 nilikuwa mwakilishi wa chama mahali fulani pa kazi ambapo jina lake sitalitaja. Palikuwa na dobi kubwa, na nyuma yake chumba cha kukaushia nguo. Chini ya kamba za nguo ilikuwapo hita moja ndefu yenye koili mbili. Kila koili ilikuwa na kibati kidogo kilichoandikwa: volti 240, wati 2,000. Hita ile ilichomekwa katika soketi ya kawaida ya ukutani, na iliwaka usiku kucha, miaka na miaka, wala haikumsumbua mtu.

Siku moja msimamizi aliona nguo hazikauki upesi. Akamwita kijana mmoja, msaidizi wa fundi, akamwagiza afunge zile koili vizuri zitoe moto wa kutosha, na agizo hilo likaandikwa katika kitabu cha kazi. Kijana akafungua kifuniko, akakuta koili zimefungwa moja baada ya nyingine, mkia wa hii na kichwa cha ile. Akazitenganisha, akaifunga kila koili peke yake, vichwa vyote upande mmoja na mikia yote upande wa pili. Jioni zikawaka nyekundu kabisa. Msimamizi alifurahi. Alfajiri plagi ilikuwa imeyeyuka, soketi imeungua, na ukuta umekuwa mweusi mpaka darini. Kwa rehema ya Mungu mlinzi alinusa moshi mapema.

Kijana akaitwa ofisini. Akaambiwa kwamba kosa lake ni kuiacha hita ikiwaka usiku kucha, na kwamba hasara yote itakatwa katika mshahara wake mwezi kwa mwezi mpaka iishe. Yeye akakubali! Alinijia akiwa na barua mkononi, anataka kuazima kalamu atie sahihi. Nikamwambia, "Ndugu yangu, kalamu nitakupa, lakini kwanza tufanyie hesabu."

Hesabu tuliyoifanya siku ile, nyuma ya barua ile ile, ndiyo nitakayowaonyesha leo. Mwenye penseli aitoe.

Kwanza tuelewane maneno. Yako manne tu: volti, ampea, omu na wati. Fikirini lango la kiwanda saa ya kutoka kazini. Kengele imelia, watu wamejaa uani, kila mmoja anataka kwenda nyumbani. Kule kusukumana kwao nyuma ya mlango ndiko volti. Idadi ya watu wanaopita mlangoni kila dakika ndiyo ampea. Wembamba wa mlango, pamoja na askari anayepekua mifuko, ndio omu, yaani ule ukinzani unaoupunguza mwendo. Na wati ni kazi inayofanyika kila sekunde kwa kule kupita: joto katika koili, mwanga katika globu, mzunguko katika mota.

Kanuni ni mbili, nyingine zote huzaliwa nazo. Ya kwanza ni ya Georg Simon Ohm, mwalimu wa Ujerumani, aliyeitoa katika kitabu mwaka 1827: ukigawanya volti kwa omu unapata ampea. Ya pili: ukizidisha volti kwa ampea unapata wati. Jina la wati limetoka kwa James Watt wa Scotland, ambaye hakuwa fundi wa stima hata kidogo. Yeye alikuwa mtu wa mashine za mvuke, akafa mwaka 1819, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kusoma gazeti kwa taa ya stima. Huku kwetu makampuni ya kwanza ya stima yalianza Mombasa na Nairobi mwaka 1908. Lakini tusipotee katika historia.

Sasa chukueni kibati cha koili moja: volti 240, wati 2,000. Watu wengi hudhani kwamba kibati kinasema koili hii ina wati 2,000 ndani yake, kama gunia lina kilo 90. Sivyo. Kibati ni kama mkataba wenye sharti. Kinasema, "Nipe volti 240 kamili, nami nitafanya kazi ya wati 2,000." Ukiinyima zile volti, nayo haina deni kwako. Kitu ambacho koili inacho kweli, usiku na mchana, iwe imechomekwa au iko kabatini, ni omu zake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kutoa omu katika kibati.

Namna yake ni hii: zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa wati. 240 mara 240 ni 57,600. Gawanya kwa 2,000. Jibu ni omu 28.8. Andikeni hapo, maana tutaitumia mara nyingi.

Haya, tufunge koili mbili kama alivyozifunga fundi wa kwanza, moja baada ya nyingine. Ufungaji huu tunauita mfuatano. Ni kama lango lenye milango miwili iliyofuatana: unapekuliwa hapa, unatembea hatua tatu, unapekuliwa tena. Idadi ya watu wanaopita mlango wa kwanza ndiyo hiyo hiyo inayopita mlango wa pili, maana hakuna anayeyeyuka katikati. Ampea ni zile zile njia nzima. Omu zinajumlishwa, kwa kuwa mtu anachelewa mara mbili. Na volti zinagawanywa kati ya milango.

28.8 na 28.8 ni omu 57.6. Volti 240 gawanya kwa 57.6 ni ampea 4.17. Zidisha kwa volti 240, unapata wati 1,000. Hizo ni za koili zote mbili pamoja! Kila koili inapata volti 120, nusu ya ilichoahidiwa, na inatoa wati 500 tu.

(Hapa ndugu mmoja aliuliza: "Kama volti ni nusu, mbona wati si nusu? Mbona zimekuwa robo?")

Swali zuri, na mtu asiyeliuliza hajasikiliza. Volti zikiwa nusu, ampea nazo zinakuwa nusu, kwa kuwa msukumo mdogo hupitisha watu wachache. Wati ni volti mara ampea. Nusu ya nusu ni robo. Ndiyo sababu ya kuzidisha volti kwa volti katika ile hesabu ya kwanza. Ukiondoa nusu ya volti hukuondoa nusu ya kazi, umeondoa robo tatu yake.

Sasa tufunge kama alivyofunga kijana: sambamba. Hapa milango miwili iko ubavu kwa ubavu, na umati ule ule unaisukuma yote miwili. Kila koili inapata volti 240 kamili, kwa hiyo kila moja inatimiza mkataba wake: wati 2,000. Jumla wati 4,000. Ampea za koili moja ni 2,000 gawanya kwa 240, yaani 8.33. Koili mbili ni ampea 16.67.

Angalieni hapa tafadhali. Koili hazikuonewa, kila moja ilifanya kazi iliyoandikwa katika kibati chake. Aliyeonewa ni yule aliye nje ya milango, yaani barabara ya pamoja. Watu wa mlango wa kwanza na watu wa mlango wa pili wote hutokea barabara moja. Barabara hiyo ni waya wa hita, na plagi yake, na soketi, na waya ulio ndani ya ukuta. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa zimetengenezwa kwa ampea 13, yaani kwa volti 240 wati 3,120, basi. Yule kijana alipitisha ampea 16.67.

(Dada mmoja wa jikoni aliuliza: "Na fyuzi ya ndani ya plagi ilikuwa wapi?")

Ilikuwapo, dada, na ilikuwa nzima, na hata baada ya moto tuliikuta nzima. Watu hufikiri fyuzi ya ampea 13 hukatika ikifika 13 na nusu. Haikatiki. Fyuzi ya namna ile imetengenezwa iweze kubeba mara moja na sita ya kipimo chake, yaani karibu ampea 21, kwa nusu saa nzima bila kukatika. Ampea 16.67 hazikuitikisa. Fyuzi ni ya kuuokoa waya siku ya shoti, wala haikufanyii hesabu uliyoacha kuifanya mwenyewe.

Lakini jambo lililoyeyusha plagi hasa ni hili. James Prescott Joule, Mwingereza, alionyesha mwaka 1841 kwamba joto katika waya haliongezeki sawasawa na ampea, bali na ampea mara ampea. Wati za joto ni ampea mara ampea mara omu. Kijana aliongeza ampea kutoka 4.17 mpaka 16.67. Hiyo ni mara nne. Basi joto katika kila sehemu ya barabara ile liliongezeka mara nne mara nne, yaani mara kumi na sita.

Ndani ya plagi ya zamani skrubu hulegea. Tuseme pale skrubu inaposhika waya pana ukinzani mdogo sana, sehemu moja ya kumi ya omu. Zamani, 4.17 mara 4.17 mara 0.1, joto lake lilikuwa wati 1.7. Ukigusa plagi husikii kitu. Baada ya mabadiliko, 16.67 mara 16.67 mara 0.1, ni karibu wati 28. Fundi wa redio anajua maana yake: kile chuma chake cha kuyeyushia risasi mara nyingi ni cha wati 25. Kijana alikuwa ametia chuma cha kuyeyushia risasi ndani ya plagi ya plastiki, akakiacha mpaka asubuhi.

Sasa rudini ofisini kwa msimamizi. Yeye alisema kosa ni kuiacha hita usiku kucha. Nilichukua karatasi yangu nikaingia. Nikamwuliza, je, hita hii haikuwaka usiku kucha miaka yote? Akakubali kwamba iliwaka. Nikamwonyesha kwamba saa nyingi hazizidishi ampea. Saa nyingi zinazidisha uniti. Kilowati moja kwa saa kumi na mbili ni uniti 12, kilowati nne kwa saa hizo hizo ni uniti 48, na hizo ni habari za bili. Ni kweli plagi ilihitaji saa kadhaa kupata joto la kuyeyuka, lakini kwa ampea nne ingekaa mwaka mzima isiyeyuke. Kilichobadilika ni ufungaji, na ufungaji ulibadilishwa kwa agizo lililo katika kitabu cha kazi, na hakuna mtu aliyempa kijana waya mpya wala soketi ya kufaa.

Halafu nikafungua sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata katika mshahara kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini pale tu uharibifu ulipotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Mtu aliyetii agizo hakufanya makusudi. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinasema kwamba kabla ya mtu kuachishwa kazi kwa kosa au kwa kutoiweza kazi, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na asikilizwe akiwa pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Ndugu, kukaa karibu naye tu hakutoshi. Mwakilishi akiwa hajui tofauti ya ampea na uniti, atatikisa kichwa tu pale msimamizi anaposema.

Barua ile haikutiwa sahihi, na hakuna senti iliyokatwa. Hita ikavutiwa waya wake peke yake kutoka kwenye sanduku la fyuzi, na swichi yake ya ampea 20.

Hata hivyo kijana naye nilimkaripia kidogo, tukiwa wawili tu. Alipoona koili zimefuatana alifikiri fundi wa kwanza alikuwa mjinga. Fundi yule, ambaye hakuna aliyemkumbuka jina, alijua alichokuwa akifanya: alitaka wati 1,000 za joto la pole pole, zinazopita katika soketi ya kawaida bila matata, na koili zidumu. Ukikuta kazi ya mwenzio imefungwa kwa namna usiyoielewa, piga hesabu kabla ya kuifungua.

(Ndugu wa karakana aliuliza: "Nikifunga globu ya wati 60 na ya wati 100 kwa mfuatano, ipi itang'aa zaidi?")

Nani asemaye ya 100? Inueni mikono. Naona wengi. Sasa tutoe omu. Ya 60: 57,600 gawanya kwa 60 ni omu 960. Ya 100: omu 576. Jumla omu 1,536. Ampea ni 240 gawanya kwa 1,536, yaani 0.156. Wati za globu ya 60: ampea mara ampea mara 960, inapata 23 na nusu hivi. Globu ya 100 inapata 14 tu. Mdogo amemshinda mkubwa! Katika mfuatano, mwenye omu nyingi ndiye anayepata volti nyingi na wati nyingi. Katika usambamba ni kinyume chake. Nasema "hivi" kwa kuwa uzi wa globu ukiwa baridi omu zake ni kidogo sana kuliko ukiwaka, basi majibu ni ya karibu. Lakini mshindi ni yule yule. Na hesabu hii ni ya globu za uzi. Hizi taa mpya za LED zina vidude vyake ndani, hazifuati omu za namna hii, kwa hiyo msijaribu nazo mkaja kuniambia nimewadanganya. Mota nazo zina mambo yake. Volti mara ampea huzidi wati zake za kweli, na hilo tutaliweka kwa siku nyingine.

Sasa nataka kusema juu ya jambo ambalo naliogopa kuliko yote, nalo liko katika nyumba tunazopanga. Mpangaji hafungi kitu kwa mfuatano. Vyumba vyote vya ploti vimefungwa sambamba, kila kimoja volti 240. Lakini iko siku ambapo usambamba hugeuka kuwa mfuatano wenyewe, usiku, bila mtu kugusa kitu.

Ploti nyingi kubwa huletewa fezi tatu. Vyumba vingine viko katika fezi hii, vingine katika ile, na wote wanarudishia umeme wao katika waya mmoja wa nyutro. Kati ya fezi na nyutro ni volti 240. Kati ya fezi na fezi ni volti 415. Sasa waya wa nyutro ukikatika, au skrubu yake ikiungua pale kwenye sanduku la pamoja, umeme wa chumba cha kwanza hauna njia ya kurudi isipokuwa kupitia vyombo vya chumba cha fezi nyingine. Basi vyumba viwili vimekuwa mfuatano, na juu yao kuna volti 415.

Tuseme katika chumba cha kwanza mama anapiga pasi ya wati 2,000: omu 28.8, ile ile tuliyoiandika. Katika chumba cha pili imewashwa globu ya uzi ya wati 100: omu 576. Jumla ni omu 604.8. Ampea ni 415 gawanya kwa 604.8, karibu 0.686. Pasi inapata 0.686 mara 28.8, yaani volti 20 kasoro kidogo. Inapoa. Globu inapata 0.686 mara 576, volti 395! Wati zake ni 395 mara 0.686, yaani 271. Globu ya 100 inalazimishwa kufanya kazi ya 271, na mara hiyo hupasuka. Kama mahali pa globu ni televisheni, au friji, au chaja ya simu iliyo juu ya godoro alilolalia mtoto, fikirini wenyewe.

Mwenye pasi hulalamika kwamba stima ni kidogo. Jirani hulalamika kwamba stima ni nyingi. Na mwenye nyumba huwaambia wote wawili kwamba vyombo vyao ni vya bei rahisi. Mkiona taa za chumba kimoja zimefifia ghafula na za jirani zimeng'aa kupita kawaida kwa wakati mmoja, msibishane. Zimeni swichi kubwa, za vyumba vyote, kisha iteni kampuni ya stima au fundi mwenye leseni. Msiguse sanduku lile wenyewe. Nyutro iliyokatika si nyutro tena, inaweza kuua kama waya wa moto.

(Swali: "Na kantini yetu je? Pale tuna ekstensheni moja.")

Ninaijua kantini yenu, nimekunywa chai pale. Ekstensheni ni usambamba mtupu, soketi zake zote nne ni milango ubavu kwa ubavu, na barabara ni moja. Kwa hiyo hesabu yake ni rahisi: jumlisha wati zote, gawanya kwa 240. Birika 2,000, hita ya miguu ya karani 2,000, pasi ya yunifomu 1,000. Jumla 5,000. Gawanya kwa 240: ampea 20.8. Kwa plagi ya 13! Na fyuzi, kama nilivyomwambia dada, inaweza kukaa kimya. Tena mmeukunja waya wake kama kamba ya mbuzi chini ya meza, joto halina pa kutokea. Ukunjueni leo leo. Birika lichomekwe ukutani peke yake, na wakati linachemka pasi ingoje. Katibu wa tawi aandike barua kwa uongozi kuomba soketi za kutosha, na katika barua aandike hesabu hii hii, namba kwa namba.

Kuandika barua kunanikumbusha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Kifungu chake cha 14 kinamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake mara anapoona hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali pale mpaka hatari imeondolewa. Plagi yenye joto ni habari ya kutoa siku hiyo hiyo, tena mbele ya shahidi.

(Swali la mwisho lilitoka kwa ndugu anayefunga sola kwao mashambani: "Betri zangu mbili za volti 12 nizifunge vipi?")

Kazi iliyo ndani ya betri ni ile ile kwa namna zote mbili. Ukizifunga kwa mfuatano unapata volti 24, sambamba zinabaki 12. Lakini tuseme mzigo wako ni wati 600. Kwa volti 12 unahitaji ampea 50. Kwa volti 24 unahitaji 25. Ampea ni nusu, basi joto katika waya ule ule ni robo, kwa kanuni ya Bwana Joule. Kwa hiyo mimi ningechagua 24, kama mashine yako ya kugeuza umeme ni ya volti 24. Kama ni ya 12 usithubutu, utaiunguza dakika ile ile. Na betri mpya usiioanishe na kuukuu.

Bwana Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi nawaachia hesabu moja ya nyumbani. Mna koili tatu, kila moja ya volti 240 na wati 1,000. Mbili zimefungwa sambamba, na hizo mbili pamoja zimefuatana na ya tatu. Stima ni volti 240. Tafuteni wati za kila koili. Anzeni na omu, kama kawaida. Jumla yenu ikiwa wati 666 na kidogo, na koili moja imezishinda zile mbili mara nne kila moja, mmepata. Msipopata, leteni karatasi zenu Jumatano, hata kama zimefutwafutwa.